Mtoto Ameshasikia

 Msikilizaji, leo naomba nizungumze na mzazi. Nasema mzazi nikimaanisha baba, mama, nyanya, shangazi, kaka mkubwa, yeyote anayelala nyumba moja na mtoto katika mtaa ambao watu wake wanaujua mlio wa risasi bila kuelezwa. Nitazungumzia zaidi Mathare, Huruma, Kiamaiko na mitaa ya jirani hapa Nairobi. Lakini wewe wa Nyalenda kule Kisumu, wewe wa Likoni, wewe wa Kisauni, sidhani utajiona mgeni.

Kuna jambo tunalolifanya sisi wazazi kwa nia njema kabisa, nami leo nataka kulipinga. Kukitokea kisa, labda kijana wa ploti ya pili ameuawa, labda jirani amevunjiwa mlango usiku, tunashusha sauti. Tunazungumza kwa macho. Mtoto akiuliza tunamwambia, "Nyamaza, hayo ni mambo ya wakubwa." Tunaamini kwamba asichoambiwa hakijamfikia.

Kimemfikia. Nyumba ya mabati ya futi kumi kwa kumi haifichi neno. Kati ya kitanda cha wazazi na godoro la watoto pana pazia tu, na pazia halizuii kilio. Mtoto ameusikia mlio, amemsikia mama wa marehemu akipiga mayowe, na asubuhi akienda shule amepita mahali pale kabla mtu hajamwaga maji. Akifika darasani wenzake wanamsimulia kisa kizima, pamoja na mengine ambayo hayakutokea. Kwa hiyo habari anayo, na imezidi kipimo. Asichokuwa nacho ni mtu mzima wa kumuuliza: je, watakuja kwetu? Baba atarudi leo? Yule kijana alifanya nini? Sisi tukinyamaza, yeye anajijibu mwenyewe gizani, na majibu ya mtoto wa miaka saba yanatisha kuliko ukweli wenyewe.

Naelewa kunyamaza kulitoka wapi, wala simlaumu aliyetufundisha. Mathare imeshuhudia operesheni tangu enzi za mkoloni. Wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1954, Waingereza waliifunga Nairobi katika ile Operesheni Anvil na kuwachukua maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kuwapeleka vizuizini. Wapo wazee waliokuwa watoto siku hizo. Juni 2007 polisi waliingia Mathare kuwasaka wafuasi wa kundi la Mungiki na katika siku chache watu zaidi ya 20 walikuwa wamekufa. Miezi michache baadaye zikaja ghasia za uchaguzi, zilizoua watu zaidi ya 1,100 nchini kote, na majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi wakahama upande mmoja wa mto hadi mwingine kwa kuogopana. Halafu uchaguzi wa Agosti 2017. Katika historia kama hiyo, mzazi anayemfunza mtoto wake kufunga mdomo anamfunza kuishi. Shahidi hurudiwa. Aliyeonekana akiongea na wageni hurudiwa. Sasa kufunga mdomo mbele ya mtu usiyemjua ni busara, hata mimi ningemfunza mwanangu. Shida ni kwamba tumeibeba busara hiyo hadi ndani, tukaifunga nayo midomo yetu mbele ya watoto wetu wenyewe.

Pengine utaniambia: nimwambie nini, na mimi mwenyewe sina cha kumwahidi? Hilo ndilo swali gumu, na ninalichukulia kwa uzito wake. Zamani mzazi alikuwa na sentensi moja iliyotosha: kaa ndani, hakuna litakalokupata. Agosti 2017, siku moja baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, msichana wa miaka 9 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao hapa Mathare. Siku hizo hizo Kisumu, polisi walivamia nyumba ya watu usiku na mtoto mchanga wa miezi sita akapigwa kichwani, akafariki hospitalini. Tarehe 30 Machi 2020, kafyu ya korona ikiwa haijamaliza hata wiki, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi kule Kiamaiko, naye alikuwa kwenye roshani, nyumbani kwao, familia yake ikiwa karibu naye. Julai 2025 risasi ilipenya paa la nyumba huko Kiambu ikamuua msichana wa miaka 12 aliyekuwa akitazama televisheni. Majina yao sitayataja hewani jioni hii, wazazi wao wameyasikia ya kutosha kwenye redio. Ninachosema ni kwamba watoto wetu wanavijua visa hivi. Mtoto wa ghorofa ya tatu Huruma anajua kilichompata mtoto wa ghorofa ya tatu Kiamaiko. Ukimwambia "ndani ni salama," anakutazama usoni na kukuhurumia.

Basi usimwahidi usichoweza. Mwambie mtakachofanya. "Tukisikia mlio, sote tunashuka chini hapa, nyuma ya ukuta wa mawe, mbali na dirisha na mbali na mabati. Wewe utamshika mkono mdogo wako. Mimi nitazima taa. Tutakaa hapo hadi nitakaposema basi." Hayo ni maneno machache, na yote ni ya kweli. Mtoto aliyepewa kazi ya kumshika mdogo wake ana kitu cha kufanya na mikono yake wakati moyo unamwenda mbio. Pia anajua kwamba mama amekwisha kulifikiria jambo hili, kwamba hatalianza kulifikiria siku ya kisa. Fanyeni zoezi mchana, watoto wakicheka. Wakicheka ni vizuri.

Yako mambo yanayojulikana kuhusu watoto na vita, na si ya jana. Mwaka 1939 Uingereza ilipoingia vitani, serikali iliwaondoa watu wapatao milioni moja na nusu mijini kwa siku chache tu, wengi wao watoto, wakapelekwa mashambani kukaa na familia wasizozijua ili mabomu yasiwakute. London ikapigwa kweli. Wakati huo Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto aliyekuwa amekimbia Vienna mwaka 1938, alikuwa akiendesha vituo vya kulelea watoto wa vita mtaa wa Hampstead pamoja na rafiki yake Dorothy Burlingham. Waliwatazama wale watoto kwa makini, siku baada ya siku, wakaandika walichokiona. Mtoto mdogo aliyelala kwenye handaki kando ya mama yake mtulivu alistahimili mabomu vizuri kuliko walivyodhania. Mtoto ambaye mama yake alitetemeka, naye alitetemeka. Na waligundua kuwa walioumia zaidi, mara nyingi, walikuwa wale waliotenganishwa na wazazi wao, hata kama hawakuwahi kusikia bomu.

Nilipolisoma hilo niliwaza ushago. Kila uchaguzi ukikaribia, magari ya kwenda Magharibi, Nyanza na Mlima Kenya hujaa akina mama na watoto na magunia. Mzazi anampeleka mtoto kwa nyanya yake hadi mambo yatulie. Sisemi ni kosa. Aliyeyaona ya 2008 hawezi kulaumiwa kwa kumwondoa mtoto wake mapema, na kwa nyanya si kwa mgeni. Ninachoomba ni namna ya kumpeleka. Wapo wazazi wanaomwambia mtoto "twende tukasalimie," wakifika wanangoja alale, wanatoka alfajiri na kumwacha. Wanadhani wamemwepusha na machozi. Yule mtoto akiamka anajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba mji una hatari kubwa kiasi cha kukimbiwa, na kwamba mama amerudi kwenye hatari hiyo bila kumuaga. Atalala vipi? Mwambie. Mwambie unarudi kazini, mwambie utampigia simu kila jioni baada ya habari, na upige. Siku mtandao ukikusumbua, mtumie nyanya ujumbe amsomee. Akilia wakati wa kuagana, alie na wewe upo.

Mtoto mwenye hofu hasemi "naogopa." Anasema tumbo linauma. Mwenye miaka minane aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mwingine hataki kwenda choo cha nje peke yake hata saa sita mchana, mwingine anamng'ang'ania mama leso kama mtoto wa kunyonya. Shuleni anasinzia, na mwalimu asiyejua usiku wake ulikuwaje anamwona mvivu. Mwalimu unayenisikiliza, darasa lako likisinzia lote Jumatatu, uliza kwanza Jumapili usiku mtaani kulikuwa na nini. Kisha tazama wanavyocheza. Watoto wa mitaa hii wakicheza kalongolongo hawaishii tena kwenye baba na mama wanaopika ugali wa udongo. Mmoja anakuwa polisi, mwingine analala chini amekufa, wengine wanalia matanga kwa sauti za mama zao hasa. Mtu mzima akipita anawafukuza kwa hasira: mchezo gani huo wa mkosi! Waacheni. Mtoto huchezea jambo ili alishike mkononi mwake, aligeuze, aone linakotokea na linakoishia. Kama unaweza, kaa karibu. Wakimaliza uliza, "Na yule aliyelala chini, anahisije sasa?" Utaambiwa mengi kuliko kama ungewapiga maswali mwezi mzima.

Sasa nije kwa mama mwenye mvulana wa miaka kumi na sita, kwa sababu hapo ndipo panapouma zaidi. Mvulana huyu anakua, sauti imekuwa nzito, amefuga rasta kidogo, anapenda kusimama na wenzake kwenye bezi pale kona. Mama anaona kile polisi asiyevaa sare atakachoona. Anaanza kumfuata. Usivae kofia hiyo. Usisimame pale. Saa moja uwe ndani. Ukisimamishwa usikimbie, toa mikono mfukoni, sema "ndiyo afande," usibishane hata kama umeonewa. Maneno haya yanasemwa kila jioni katika nyumba nyingi sana, na yanasemwa na mapenzi, lakini mvulana anayasikia kama mashtaka. Nje anatazamwa kama jambazi, na akiingia ndani anahojiwa kama jambazi.

Halafu siku moja anachelewa. Saa mbili, saa tatu, simu imezimwa. Mama anasimama mlangoni akihesabu milio. Saa nne kijana anatokea, mzima, alikuwa anatazama mpira. Na mama, ambaye kwa saa nzima alikuwa amekwisha kumzika moyoni, anachukua mshipi.

Wazazi wenzangu, hapa ndipo vurugu za nje zinapoingia ndani bila kuvunja mlango. Kipigo kile ni woga uliokosa pa kwenda, nao woga unasameheka. Lakini kijana hakuona woga, aliona mshipi. Hakupata kujua kwamba mama yake alikuwa akilia. Kesho akichelewa hatarudi nyumbani, atalala kwa rafiki, na usiku wa nje ndio tuliokuwa tunamkinga nao tangu mwanzo. Ingekuwaje kama angeambiwa ule ukweli mchungu tu? "Nilidhani umekufa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamwambia nini nyanya yako." Yapo maneno ambayo kijana wa kumi na sita hayasahau, na haya yamo. Mwambie pia waziwazi kwamba masharti yale hayatokani na kumshuku. "Najua wewe si mwizi. Nakuambia toa mikono mfukoni kwa sababu wao hawakujui." Sentensi hiyo moja inamrudisha upande wako.

Akina baba, nanyi. Katika siku zile za kafyu ya 2020 wanaume walipigwa rungu mbele ya watoto wao. Siku ya kwanza kabisa, pale kivuko cha Likoni, watu waliokuwa wakitoka kazini walipigwa na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Baba aliyelazwa chini mbele ya mwanawe anarudi nyumbani na aibu ambayo hakuiomba. Wengi hunyamaza, wengine hunywa, wengine wanaanza kuamrisha nyumbani kwa ukali kana kwamba heshima ile inaweza kudaiwa kwa mke na watoto. Mtoto wako hakukudharau siku ile. Aliogopa kwamba utakufa. Keti naye umwambie iliuma, umwambie haikuwa haki, umwambie bado uko. Mvulana anayemsikia baba yake akisema "waliniumiza nami nilikuwa sijakosa" anajifunza kwamba mtu anaweza kuonewa na bado akabaki mwanamume kamili, na somo hilo halimo kwenye mtaala wa shule yoyote.

Tukifiwa, sisi tunayo matanga. Nayaheshimu sana matanga. Jirani anaacha kibanda chake cha mboga anakuja kuosha vyombo, viti vinaazimwa kanisani, mchango unaandikwa kwenye daftari la shule hata wa shilingi hamsini, watu wanakesha wakiimba, na mwenye msiba halali peke yake hata usiku mmoja hadi safari ya kwenda kuzika. Sijui taifa lenye hospitali nyingi kiasi gani linaloweza kumfanyia mama hivyo. Lakini tazama mtoto wa marehemu kwenye matanga hayo. Anapewa chai na mkate, anaambiwa akacheze. Wakubwa wote wanamzungumzia, hakuna anayezungumza naye. Akiuliza baba yuko wapi, huambiwa amesafiri. Mwaka mzima baadaye bado anakimbilia mlangoni kila gari likisimama, au analia kila mama akisema anasafiri. Mwambieni amekufa. Mwambieni hatarudi, na si kwa sababu mtoto alikuwa mtukutu, maana wadogo hudhani hivyo na hawasemi. Kila matanga yangeweza kumpa mtu mmoja, shangazi au mwalimu wa Madrasa au wa Sunday School, kazi hiyo moja: kukaa na watoto wa marehemu na kujibu maswali yao yote hadi yaishe, na yakianza tena kesho, kuyajibu tena.

Nimemtwika mzazi mzigo mkubwa jioni hii, najua. Nimemwambia awe mtulivu, aseme ukweli, asipige, aache watoto wacheze. Atautoa wapi utulivu huo, akiwa hajalala, kodi haijalipwa, na yeye mwenyewe ameona aliyoyaona? Hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, Mathari, iko pale pale Thika Road, hatua chache kutoka bondeni, na bado mama wa Mathare aliyepoteza mtoto hawazi kwamba mlango ule ni wake. Anaona ni wa vichaa. Mlango ni wako, mama. Lakini wapo pia waliofungua mlango mwingine. Kina mama wa mtaa huu ambao watoto wao waliuawa wameungana kuwa mtandao, wakishirikiana na kituo cha haki za kijamii cha Mathare. Hukutana, hutembeleana, husindikizana mahakamani ili mama asisimame kizimbani akiwa amezungukwa na marafiki wa mshtakiwa pekee. Mwanamke aliyekuwa hasemi hata na watoto wake waliobaki anajikuta anasimulia mbele ya wenzake, na akirudi nyumbani ana pumzi ya kumsikiliza yule wa pili na wa tatu. Utulivu ninaouomba hautoki kwa mama mmoja. Wanawake wanakopeshana.

Na nisieleweke vibaya kuhusu kustahimili. Kila mwaka tunasifiwa kwa kustahimili. Viongozi husimama makaburini wakatusifu kwa uvumilivu wetu, kisha wakapanda magari. Mtoto anahitaji pia kuona kwamba mtu mzima anadai haki yake. Kesi ya yule mtoto mchanga wa Kisumu: hakimu alisema mwaka 2019 kwamba wakuu wa polisi walibeba lawama, na ikachukua hadi mwishoni mwa 2022 kwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma kutangaza kwamba maafisa 12 wangeshtakiwa kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu kuhusu siku zile za 2017. Ni miaka mitano, kwa wazazi waliokuwa na mtoto wa miezi sita. Tunayo mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, tangu sheria ya 2011, na bado kesi zinakokota. Kesi zinazochukua nusu ya utoto wa ndugu za marehemu zinawafundisha ndugu hao kitu kuhusu thamani yao, na hakuna maneno ya mama yatakayolifuta somo hilo peke yake. Mzazi anayekwenda kuandikisha taarifa, anayehudhuria kesi, anayeandamana tarehe 7 Julai, Saba Saba, anafanya malezi vile vile.

Uchaguzi mwingine ni tarehe 10 Agosti 2027. Kila ploti ina kikao chake cha maji na taka na choo kilichojaa. Naomba Jumapili moja kabla mambo hayajapamba moto muongeze jambo moja kwenye kikao hicho. Ni chumba cha nani kina ukuta wa mawe na watoto wote wanaweza kukusanyika humo? Nani hufanya kazi usiku, na watoto wake watakuwa na nani? Nani ana namba za kila mzazi zimeandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu tu, maana simu huisha chaji? Namba 116, ya msaada kwa watoto, ni ya bure, iandikeni ukutani. Na watoto wenye umri wa kuelewa wawe kwenye kikao hicho, waulizwe. Wao ndio wanaojua geti gani halifungi, kichochoro gani kina mbwa, na mtoto gani wa chumba kipi hulala peke yake bila jirani yeyote kujua.